Kipandio kimemwangusha Mzee

Kaka yangu,

Hujambo? Nyumbani hawajambo? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Najua barua ya mwisho ilikuwa yako na mimi ndiye niliyekaa nayo bila kuijibu, unisamehe. Shangazi anakusalimu, na bado anasema hujamrudishia kofia yake. Ningekupa habari za kila mtu, lakini tangu Jumamosi nina jambo moja linaloninyima usingizi, na wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemfikiria.

Mzee ameanguka kutoka kwenye ndege.

Usikimbilie simu, hajavunjika. Injini ilikuwa imeshazimwa, tumesimama mbele ya hanga, hata upepo hakuna. Amechunika ugoko wa mguu wa kushoto, kiganja kimechubuka, na nyonga inamuuma akiinuka kitini. Amepigwa picha, mifupa ni mizima. Lakini niliuona uso wake pale chini, kaka. Si uso wa maumivu. Ni uso wa mtu aliyekanyaga mahali anapopajua miaka yote akakuta hapapo.

Ilikuwa hivi. Unajua ndege yenyewe, ile Mooney yetu ndogo, mlango ni mmoja tu, uko kulia, kwa hiyo aliyekaa kulia ndiye anayetangulia kushuka. Nikazima injini, Mzee akafungua mlango, akatoka juu ya bawa taratibu kwa ajili ya magoti yake. Akageuka, mgongo nje, mkono umeegemea paa, kama alivyotufundisha wote wawili. Kisha akashusha mguu wa kushoto bila kutazama. Kwa nini atazame? Kipandio, kile kikanyagio cha kushukia, huwa chini injini ikizimwa. Siku hiyo kilikuwa bado juu, kimejibana tumboni mwa ndege. Mguu ukaenda chini na kwenda na kwenda, ugoko ukakwaruza ukingo wa flapu, ule ubao unaoinama nyuma ya bawa, akaketi kwenye lami.

Jambo la kwanza alilosema: "Flapu haijapinda?" Huyo ndiye Mzee.

Nimeyarudia haya kichwani mara ngapi sijui. Ningeshuka kwanza mimi? Siwezi, mlango ni wake. Ningechungulia dirishani nione kama kipandio kimeshuka? Kutoka kiti cha kushoto hukioni. Ila kuna jambo ambalo ningeweza kulifanya na sikulifanya, nalo ndilo linalonichoma.

Jumapili nilifungua ubao wa nyuma ya sehemu ya mizigo nikaingiza kichwa na mabega mkiani, tochi mdomoni. Wewe unaujua mfumo kuliko mimi: injini ikiwaka, vakyumu, yaani nguvu ya kunyonya hewa, inavuta kile kiriba cha sevo, kifaa kinachokivuta kipandio, kiriba kinavuta waya, waya unapandisha kipandio. Ukizima injini, vakyumu inakwisha na springi inakirudisha chini. Hakuna mota, hakuna swichi, wala rubani hana la kufanya. Nilikuwa nikisifu mpango huo mbele za watu. Na ni mpango mzuri kweli, mpaka mpira uzeeke.

Mpira umezeeka. Kiriba kimepasuka kwenye mkunjo, ufa wenye urefu wa kucha ya kidole gumba, na ukikibonyeza unasikia kinapumua kwa pale. Hozi inayokwenda huko imekauka. Niliikunja kidogo ikatoa sauti ya tawi linalovunjika. Lakini hivyo vyote vingekiacha kipandio chini, si juu. Vakyumu ikipungua, springi inashinda. Hapo ndipo nilipokwama nusu saa nzima, sielewi. Kisha nikapitisha kitambaa kwenye waya, taratibu, kikanasa. Uzi mmoja wa waya umekatika, umejipinda nyuma kama ndoana, na ndoana hiyo ilikuwa imeng'ata ukingo wa tundu unapopita waya. Vakyumu iliyobaki ilitosha kukipandisha kipandio, springi haikutosha kuichomoa ndoana. Uzi mmoja tu, mwembamba kuliko sindano. Nilipouvuta kwa koleo, kipandio kilishuka chenyewe kwa kishindo, na mimi ndani ya mkia nikaanza kulia. Sikuona haya kukuandikia hilo.

Sasa linalonichoma. Kwa miezi miwili geji ya vakyumu ilikuwa ikisoma 4 na kitu mahali pa karibu 5. Nililiona. Nikasema geji nayo ya 1965, itakuwa imechoka. Kile kitufe cha kwenye usukani, unachobonyeza ndipo mabawa yakubali kulala, nilikuwa karibu sikihitaji tena, maana mfumo unaoyaweka mabawa sawa yasilale upande ulikuwa umelegea kama kamba iliyolowa. Nao unakula vakyumu hiyohiyo. Halafu kuna usiku ule niliokusimulia, tulipopita kwenye wingu na ile jairo ya upeo, chombo cha kuonyesha kama ndege imelala, ikawa inalala upande polepole. Nilimlaumu fundi wa vyombo kwamba ameirudisha mbovu. Kumbe jairo ilikuwa inanyimwa pumzi. Jumapili nilitoa hozi ya sevo, nikaziba bomba kwa kizibo, nikatoka mkiani, nikawasha injini: geji ikapanda mpaka 5 na kutulia. Palepale. Jumatatu asubuhi nilimpigia yule fundi nikamwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza Mzee anaendeleaje.

Kwa hiyo unaona, si habari ya kipandio peke yake. Ufa ule ungeweza kutuua sote angani kabla haujamwangusha Mzee ardhini. Watu husema kipandio ni pambo, kikileta taabu puuza. Mimi pia nilikuwa msemaji wa hilo. Kifaa kinachonyonya kwenye bomba moja na vyombo vya kurukia gizani si pambo hata kidogo.

Nirudi kwa Mzee. Nilikwenda kumwona Jumatatu jioni, nikamweleza habari ya ndoana na ufa. Alisikiliza, akaomba kuuona ule uzi wa waya, nilikuwa nao kwenye bahasha. Akaugeuza kwenye kiganja chenye bandeji. Akasema, "Ulikuwa ukiniambia." Maana yake waya ulikuwa ukisema, kupitia geji, na hatukusikiliza. Hakunikemea. Ningependa angenikemea.

Sasa hoja niliyokuandikia. Njia ziko tatu na fundi wetu ameshachagua moja, mimi bado. Ya kwanza ni kuifanyia sevo matengenezo, kiriba kipya, hozi mpya, waya mpya, springi mpya, na bushi, zile pete unamozungukia mkono wa kipandio, kwa sababu zimelegea. Ukikishika kipandio kwa mkono kinatikisika kama jino la mtoto. Ya pili ni kutafuta sevo nyingine iliyotolewa kwenye ndege ya aina hii, lakini nayo itakuwa na umri uleule, mpira uleule. Ni kununua ufa ambao bado haujafunguka. Ya tatu ni kukifunga kipandio chini moja kwa moja, kutoa sevo, kuziba bomba la vakyumu kabisa. Fundi anasema ya tatu, na anasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kujilaza kwenye mikia ya ndege. Anakumbusha kwamba Mooney za baadaye zilitoka kiwandani Kerrville, kule Marekani, na kipandio kisichojikunja, na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Mwendo utapungua, najua utaanza na hapo. Wengine husema noti moja, yaani maili moja ya baharini kwa saa, wengine mbili, wengine hawaoni tofauti yoyote. Nami nimehesabu: kwa safari zetu ni dakika chache. Mzee alikuwa dakika tatu pale kwenye lami kabla hajakubali nimwinue.

Lakini moyo, kaka. Unakumbuka binti yangu alipokuwa mdogo, kila nikiwasha injini alikuwa anapiga makofi kule kwenye uzio, "Baba, ndege inakunja mguu!" Ndiye aliyenifanya nikipende. Na wewe ndiye uliyenionyesha mara ya kwanza, ukanilaza chini ya bawa nione jinsi kinavyoingia mahali pake bila kuacha pengo. Ndege hii walioibuni walihangaikia kila kitu kinachotoka nje ya mwili wake. Kukifunga ni kama kuwaambia kazi yao haikuwa na maana. Nimesema hivyo mbele ya fundi, akaniuliza kama nataka kuruka au kutunza jumba la makumbusho. Nilikasirika, kisha nikaenda nje nikafikiri.

Nilichofikiri ni hiki: kitu hiki kikifa, kifie chini. Walioubuni mfumo walitaka hivyohivyo, ndiyo maana springi inashusha na vakyumu inapandisha, si kinyume. Uzi mmoja wa waya ulipindua mpango wao. Nikiweka waya mpya leo, utakuwa mpya, lakini baada ya miaka nani atakayeingia mkiani kupitisha kitambaa? Mimi nitaingia. Atakayeinunua baada yangu, je? Na Mzee hatafika miaka hiyo yote, nataka miaka aliyobakiwa nayo ashushe mguu bila kutazama.

Basi nimeegemea kukifunga. Nimeegemea, sijalala. Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyefunga cha ndege yako.

Jambo jingine kabla sijasahau. Tulipotoa bitana za kuta za ndani kufuata ule waya, nilichukua nafasi hiyo kutazama mabomba ya chuma ya kizimba cha chumba cha abiria, kwa sababu ya ule waraka wa kiwanda wa M20-208 unaohusu kutu chini ya sufi ya kioo, ile ya kuzuia kelele na baridi. Sufi ilikuwa na unyevu upande wa kulia, chini ya dirisha. Kutu ipo, ya juujuu, ukisugua inatoka na chuma chini yake ni laini, hakuna mashimo. Fundi ataipima vizuri. Nimeitoa sufi yote na sitairudisha. Kama hujatazama yako tangu uinunue, nakuomba utazame, hata kabla hujamaliza kusoma barua hii.

Fundi amekataa kukifunga kipandio kwa waya wa kufungia boliti, hata kwa safari moja ya majaribio. Anasema kikibaki na nafasi ya kucheza, upepo utakitikisa angani mpaka kimalize bushi na kupasua maungio yaliyochomelewa. Anataka kifungwe kwa kipande chenye boliti, kwa karatasi zinazokubalika, kiandikwe kwenye kitabu cha ndege, na uzito upimwe upya kwa kuwa sevo inatoka huko nyuma. Namheshimu kwa hilo. Ila hana mchoro, na yule jamaa wa ndege nyeupe aliyesema ameshafanya hivyo alinitumia picha moja yenye giza, inaonyesha kidole chake tu.

Kwa hiyo, maswali. Ulipofunga cha kwako, boliti ilipita wapi hasa, kwenye mkono wa kipandio au kwenye bamba linaloushikilia? Sevo uliitoa nzima, au uliiacha mahali pake bila hozi? Kama uliitoa, kitovu cha uzito kilisogea kiasi gani? Maneno uliyoandika kwenye kitabu cha ndege bado unayo, na aliyetia sahihi alitaka karatasi gani? Kikiwa chini muda wote, kinalia angani, unakisikia miguuni? Na niambie kweli, usinifariji: ulijuta? Kuna siku uliwasha injini ukatazama nyuma na kukikosa?

Na springi zako za zamani ziko wapi? Kama bado ziko kwenye lile debe chini ya meza yako, niwekee, usimpe mtu. Hata nikifunga, fundi anataka springi nzima ikisaidie kipandio kukaa chini.

Njoo, ukiweza. Mikono yako inafika pale ambapo yangu haifiki, na Mzee ameuliza mara mbili kama umeshajua habari hii. Jana alikuja hangani na fimbo, akaketi kwenye kiti cha turubai karibu na bawa, akapima kwa fimbo hiyo kutoka lami mpaka kwenye kipandio, akaweka alama ya kalamu kwenye mti wa fimbo. Nilimuuliza ya nini. Akasema anataka mguu wake ujue.

Ndimi nduguyo.