Shukrani kwa mama wa kitanda cha pili

Shikamoo mama. Sikuuliza jina lako, kwa hiyo nakushukuru hadharani.

Wengi waliokuja wodini kumwona mama yangu waliniachia mistari ya Biblia: usiogope, omba zaidi, imani ya punje ya haradali inatosha. Sisemi ni mibaya. Ila nilikuwa sijalala, na kila mstari uliniongezea hatia. Wewe, uliyekuwa ukimuuguza mumeo jirani yetu, ulifungua 1 Wafalme 19. Eliya, nabii aliyeomba moto ukashuka mlimani Karmeli, amelala chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, anaomba afe. Na malaika hamkemei! Anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Maswali ya Mungu yanakuja baadaye, kule mlima Horebu. Makanisani tunapenda zaidi kuhubiri ule moto.

Kisha ukanimiminia uji kutoka kwenye chupa yako, ukasema, "Kunywa, mwanangu, ukalale. Mgonjwa wako nitamwangalia."

Nililala hadi alfajiri. Mama ameruhusiwa, anakusalimu sana. Baba naye anaendeleaje?