Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Miguu ya Nyuma ya Farasi, Ultrasaundi na Ada

Ndugu wanachama wa chama chetu cha farasi,

Shughuli za kawaida mnazijua. Mikutano ya robo mwaka ilifanyika, semina ya kufunga bandeji ilifanyika, na siku ya mafundi wa viatu vya farasi pale Ngong Racecourse, Nairobi, ilifanyika licha ya mvua. Dawa ya minyoo ilitolewa. Kumbukumbu ziko kwa katibu.

Nafasi yangu nitaitumia kwa jambo moja, pesa za sherehe, lililosemwa sana kwenye vibanda vya chai na kwenye kundi la WhatsApp, tena na watu ambao mkutanoni hawakuonekana. Ni kweli, kamati ilichukua shilingi 180,000 za sherehe ya Desemba ikalipia siku za ultrasaundi, yaani kupiga picha za ndani ya mguu wa farasi kwa mawimbi ya sauti. Tukaweka na sharti: farasi aliyeumia mguu wa nyuma hapati msaada wa mfuko wa chama akirudishwa kwenye troti, ule mwendo wa kukimbia polepole, kabla ya picha ya pili. Wazo nililileta mimi, na sijaona sababu ya kulirudisha nyuma.

Kano la mguu wa mbele likiumia, hata mgeni anaona: limevimba, lina joto, na farasi anatupa kichwa akitroti. Nyuma si hivyo. Sehemu ya juu ya saspensori, ile ligamenti (ukanda mgumu wa nyuzi) inayoshikilia fetloki, kifundo kilicho juu ya kwato, isizame, imejificha chini tu ya hoki, kiungo kikubwa kinachopinda katikati ya mguu wa nyuma, kati ya vijifupa viwili vya pembeni, na imefunikwa na utando mgumu. Ikivimba haina pa kupanukia, basi inakandamiza neva iliyo jirani. Maumivu yapo, uvimbe huuoni. Na mara nyingi miguu yote miwili imeumia, kwa hiyo farasi hachechemei waziwazi. Anakosa msukumo, hatua inafupika, anabadilisha mguu katikati ya kona, na joki anasema amekuwa mvivu. Hapo watu hubadilisha lijamu, hubadilisha chakula, na wengine humbadilisha joki.

Kwa hiyo uchunguzi unafuata ngazi. Farasi atroti kwanza kwenye mstari ulionyooka juu ya ardhi ngumu, kisha kwenye duara pande zote mbili juu ya ardhi laini, maana huko tatizo hili hujitokeza zaidi mguu mbovu ukiwa upande wa nje. Halafu daktari anachoma ganzi chini ya hoki na kusubiri dakika 10 hivi. Mguu mmoja ukiacha kuchechemea, utazameni wa pili, kwani mara nyingi ndipo nao unapoanza kuchechemea. Ganzi hiyo inaweza pia kupenya hadi viungo vya chini vya hoki, kwa hiyo eksirei haikwepeki.

Wapo waliolalamika kwamba mashine iliyokodiwa ni mbovu. Farasi wao waliletwa na nywele zote pamoja na vumbi la njiani. Mawimbi ya ultrasaundi hayapiti kwenye hewa, na nywele zimejaa hewa. Nyoeni nyuma na upande wa ndani wa mguu kutoka hoki hadi fetloki, osheni kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kisha jeli ipakwe kwa wingi. Farasi akanyage mguu sawasawa, na mguu wa pili upimwe pia ili unene wa ligamenti ulinganishwe. Picha ya siku ya pili isiwadanganye, kwa sababu jeraha huendelea kupanuka siku za mwanzo. Irudiwe baada ya siku 10 hadi 14.

Matunzo yenyewe: siku 3 za kwanza maji baridi dakika 20, mara 3 kwa siku, mguu ukaushwe kabla ya bandeji. Baadaye kutembezwa kwa mkono dakika 10, ukiongeza dakika 5 kila wiki. Troti ni baada ya miezi 3 hivi, picha ikikubali, kanta (mbio za wastani) mwezi wa 5 au wa 6, na galopu (mbio za kasi) karibu na mwezi wa 9. Nafaka ipunguzwe tangu siku ya kwanza ya kufungiwa. Farasi aliyeshiba shayiri bandani huruka siku anayotolewa, na nyuzi changa za ligamenti hukatika hapo hapo mlangoni.

Kinachoharibu zaidi ni byuti, dawa ya kutuliza maumivu. Farasi akila poda ile anatembea vizuri, mwenye farasi anatangaza amepona, kumbe doa jeusi la jeraha bado liko kwenye picha. Kupumzisha peke yake nako hakutoshi: Dkt. Sue Dyson wa Uingereza alipochapisha habari za farasi 42 wa namna hii mwaka 1994, waliorudi kazini kikamilifu walikuwa asilimia 14 hivi. Ndiyo maana tunasisitiza ncha ya mbele ya kwato ipunguzwe na kisigino kipate egemeo, na anayeweza alipie mawimbi ya mshtuko, tiba ya mashine inayopiga mawimbi kwenye jeraha, mara 3 kwa nafasi ya wiki 2. Mawimbi hayo hutuliza maumivu kwa siku chache, kwa hiyo asikimbizwe siku hizo. Kuhusu upasuaji wa kukata neva, anayeutaka ajue kwamba kanuni za mbio za nchi nyingi humfungia nje farasi aliyekatwa.

Sasa ada. Tuko wanachama 118, waliolipa shilingi 3,000 ni 41. Mapato yote ni 412,000, matumizi 397,000. Mkutano mkuu uliopita ulihudhuriwa na watu 29, ilhali akidi ni 40, na tukalazimika kuuita upya. Wanaodai sherehe yao wengi wao hawamo katika wale 41. Majina ninayo, lakini sitayasoma, kwa heshima tu.

Mwaka ujao tunatumaini kuzungumza na wenzetu wa kitivo cha tiba ya mifugo cha Kabete kuhusu mafunzo, na Mungu akijalia, kuwa na mashine yetu wenyewe. Sherehe itategemea hali ya mfuko.

Mashine ya kunyolea iliyoazimwa mwezi wa Agosti irudishwe kwa katibu, pamoja na visu vyake.

Mwenyekiti