Barua kwa mwanangu: Hao samaki uliowarudisha bwawani

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi huku Mombasa sote wazima, alhamdulillahi. Babako kifua kimemwachia, na ameanza tena kushuka Tudor na mshipi wake maji yakiwa mafu, hayajai wala kupwa sana.

Ile sauti uliyotutumia kutoka huko Uingereza, ya mashindano ya kuvua, tumeisikiliza sote. Dadako ilibidi airudie, kwa sababu babako alitaka habari ya upepo na mimi nilitaka habari ya mizani. Mwisho ukasema hutakwenda tena, maana ni kazi gani hiyo, mtu akae masaa 5 kando ya bwawa, avue pauni 11 za samaki, kisha awamwage majini arudi nyumbani mikono mitupu. Neno hilo ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Mimi naona uende tena, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza ya babako, kwa sababu amenisimamia hapa niyaandike. Anasema ulivua vizuri, na pauni 11 ni karibu kilo 5, si haba kwa mtu aliyevuta kura ya mahali pa kukaa kando ya bwawa, akaangukia kigingi kibaya. Ulilalamika kwamba upepo ulikuwa mgongoni kwako na wale wa ng'ambo, unaowapiga usoni, wakawa wanatoa samaki mfululizo. Babako alicheka kwa furaha akasema ndivyo. Upepo husukuma chakula na maji ya juu yenye vuguvugu, na samaki hufuata. Sisi huku tunahesabu mwezi, bamvua la maji makubwa na maji mafu, lakini bwawa halina kupwa wala kujaa. Upepo ndio mwezi wake. Kigingi hukuchagua, basi hukuwa na la kufanya ila kuyajua maji yaliyo mbele yako, nawe ukafanya hivyo.

Pale uliposema ulifunga kichubwi, kile kizito cha kupimia kina, kwenye ndoana kabla firimbi ya kuanza haijalia, ukapima kina kidogo kidogo mpaka ukapata mahali chini panapoporomoka, ukakiweka kiboya chambo kiguse tope tu, babako alinyanyua kidole akasema simamisha, rudisha nyuma. Amekufundisha hilo kwa mshipi wa mkono, bila fimbo ya kuvulia, ungali mdogo. Na ulivyokuwa ukitupa mabuu machache tu kila mara, yale yanayokaa kwenye ncha za vidole, hali jirani yako anamwaga kwa bakuli! Samaki akishiba hana haja na ndoana ya mtu. Saa ya kwanza ukapata wale wadogo weupe wenye macho mekundu, wale rochi, mmoja mmoja. Saa ya mwisho jirani amenyamaza, na wewe wale samaki wanaoitwa tenchi wanakuja. Babako amemhadithia kila mtu barazani.

Sasa yangu. Mimi fimbo sijui kuishika, lakini samaki namjua. Sisi mama karanga, wanawake wa kukaanga na kuuza samaki, hutujia akiwa amekwisha kufa. Namfungua matamvua nitazame wekundu, nambonyeza tumbo, nanusa, nimeshajua kama ni wa alfajiri au amelala. Na ninachokiona kwenye makapu siku hizi kinaniuma. Tafi wanaletwa ambao hawajajaza kiganja. Changu ambao hawajawahi kutaga hata mara moja. Wakubwa huondoka bandarini kabla hatujafika, wanachukuliwa na wenye mitaji na mahoteli, na sisi wa karai tunabakishiwa watoto. Nyavu za kukokota zimepigwa marufuku Kenya tangu 2001, na bado watu wanazikokota, na wavu wenye matundu madogo hauchagui. Nikikataa kapu lile, mwenzangu wa karai la pili analichukua, wala simlaumu, ana ada za shule. Lakini mimi silinunui.

Halafu mwanangu unaniambia kuna mahali watu wazima wanakaa kutwa, kila mmoja na wavu wake mrefu umezama majini samaki wakiwa hai ndani yake. Ikilia firimbi ya mwisho wanapita watu wa mizani, kigingi kwa kigingi, wavu unainuliwa, uzito unaandikwa, na samaki wanarudi. Yule samaki karpi aliyempa mtu ushindi leo atakula mabuu ya mtu mwingine wiki ijayo. Wewe uliona hasara. Mimi nilimwambia babako, hawa wamejua kushindana bila kumaliza. Na uliposema kwamba mito yao hufungwa kuanzia 15 Machi mpaka 15 Juni ili samaki watage, hilo nililipenda kuliko mashindano yenyewe.

Najua bwawa si bahari. Lile la kwenu lilichimbwa, kama yale ya Bamburi uliyokwenda kuyaona na shule, kwenye machimbo ya saruji. Samaki ametiwa na mwenyewe, naye anaishi kwa ada za wavuvi. Akiwaacha wabebe, atabaki na maji. Basi si wema mtupu, ni hesabu pia. Na sisi huku hatuwezi kurudisha chakula cha watoto. Mvuvi wa Tudor akimrudisha changu wake mkubwa, usiku nyumbani wanakula nini? Ninalotaka ni warudishwe wale wadogo tu. Hilo peke yake limetushinda, na hao wenzako wanarudisha hata wakubwa.

Ami yako hakubaliani nami. Anasema kumtoboa kiumbe mdomo kisha usimle ni kumtesa bure, na dini yetu imekataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha ya mchezo. Sikumjibu haraka, kwa sababu neno lake ni zito, nawe usilipuuze. Waulize mashekhe walioko huko. Ukiacha kwa sababu hiyo, nitakuelewa na radhi yangu unayo. Ukiacha kwa sababu hukubeba kitu, hapo sikubali.

Na ukienda, basi mikono yako iwe na huruma. Nimefurahi kwamba ndoana zao hazina ule mwiba wa kuzuia, maana hutoka bila kuchana. Lowesha mikono kabla hujamgusa. Ule ute unaoteleza ndio unaomkinga na maradhi. Ukimshika kwa mkono mkavu au kwa kitambaa unabaki mkononi mwako, na pale ulipotoka ndipo ukungu unapoanzia. Mimi ute huo nauosha kila siku kwa chumvi na ndimu, najua unavyong'ang'ania na unavyoondoka. Yule mwenye mistari na miiba mgongoni mpapase kuanzia kichwani kwenda mkiani, miiba ilale, kama tulivyokufundisha kwa tafi. Usimnyanyue juu kwa ajili ya picha; mshike karibu na majani, akiponyoka asiumie. Na wavu wako usiujaze ukawabana, hasa siku za joto.

Leseni yako ya kuvua iwe mfukoni, kwa sababu umesema kule kila aliyetimiza miaka 13 anatakiwa awe nayo, na wewe ni mgeni, usimpe mtu neno la kusema. Vaa soksi mbili.

Babako ananiambia nisifunge barua bila hili: jaribu sima. Chukua donge la jana, likande mpaka lishikane, ufinyange kidogo kama punje ya mbaazi juu ya ndoana. Kama hao karpi wanakula mkate, anasema, sima hawataikataa. Lakini uliza kabla ya kura, kwa sababu mabwawa mengine yana orodha ya chambo kinachokubaliwa, na itakuwa vibaya utolewe mashindanoni kwa ajili ya sima ya babako. Wakikuruhusu, tutumie sauti siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku huku.

Mamako