Usikiache kitabu njiani

Kwako Salma mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mama naye hajambo, mguu unaendelea vizuri. Nisamehe kwa kimya. Tangu Zuhura anirudishie kile kitabu nilichokupa, cha hadithi za kutisha za kuvu, na kikaratasi chako ndani, "Shoga, mimi na kuvu basi," sijatulia.

Ni kweli hadithi zile zinatia kinyaa, lakini umeacha pale pale panaponivuta mimi. Zimwi utalikimbia, maana lina uso na lina chuki. Kuvu haikuchukii. Inaota tu, tena taratibu. Kuna hadithi ya William Hope Hodgson ya mwaka 1907: usiku, baharini, mtu aliye kwenye mashua anaomba chakula, ila anawasihi mabaharia wasimmulike taa. Yeye na mchumba wake wamekwama mahali kuvu imetapakaa kila pembe. Imeanza kuwaota mwilini, na hilo bado nalistahimili. Lakini siku moja anamkuta mchumba wake akiila! Baadaye naye anaionja, anaikuta tamu. Salma, huo utamu ndio ulioninyima usingizi. Ile hamu ni ya nani?

Na si uzushi mtupu. Iko kuvu inayomwingia sisimizi, ikampandisha kwenye mmea, akauma mshipa wa jani akafia hapo, kisha kijiti cha kuvu kikamchomoza nyuma ya kichwa. Mwaka 2017 watafiti walichapisha walichokiona ndani yake: nyuzi za kuvu zimezingira misuli, ubongoni hazimo. Nilisoma hapo mara tatu. Miguu imeshachukuliwa, na yeye je, yumo anatazama?

Hili sijawahi kukwambia. Mwaka ule nilipougua, mlikuja mkanikuta natabasamu, naitikia salamu, nakunja nguo. Mwili ulikuwa unafanya yote hayo, mimi nimekaa ndani kimya, nauangalia. Nilikosa jinsi ya kulieleza hadi nilipokutana na hadithi hizi. Ndiyo maana nilikupa wewe kile kitabu, sikumpa Zuhura.

Basi niambie, uliishia ukurasa wa ngapi? Ni ile harufu ya ukutani iliyokushinda, au ni yule dada anayeongea usingizini? Wewe hali ile hujawahi kuipata hata siku moja? Nikikuletea tena Jumamosi, tukasome pamoja kwa sauti, mchana kweupe, utakubali?

Wako akupendaye,
Mwanaidi