Mama Kulwa, hamisha kamera iende kwenye M

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Mama Kulwa,

Salamu nyingi kutoka huku mjini. Sisi hatujambo, hofu ni kwenu huko Nansio, kisiwani Ukerewe. Picha zako nimezipata, na ile ya mama amesimama ufukweni jioni nimeikuza na kuitazama kwa muda mrefu. Ziwa limetoka vizuri, mitumbwi inaonekana mpaka kamba zake, ila uso wa mama umekuwa giza tupu. Unaniuliza kama umeuziwa kamera mbovu. Hapana, kamera ni nzima. Imefanya kile ilichotengenezwa kufanya, na ndiyo maana nataka uitoe kwenye oto uiweke kwenye M (manual, yaani namba zote unaziweka wewe) mapema, kabla hujazoea kuiachia iamue yenyewe.

Mita ya mwanga iliyomo ndani ya kamera haijui mama ni nani. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, halafu inachukulia kwamba vyote vilivyo mbele yake, ukivichanganya, vinatoa kijivu cha kati, kile kinachorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Siku ile nyuma ya mama kulikuwa na maji yanayometameta kwa jua la machweo. Kamera ikaona mwanga mwingi kupita kiasi, ikapunguza, na mama akapunguzwa pamoja na maji. Sisi wenye ngozi nyeusi jambo hili linatuumiza zaidi, kwa sababu uso wetu unarudisha mwanga mdogo, na tukisimama mbele ya kitu kinachong'aa ndio tunaotangulia kupotea. Wala si jambo geni. Enzi za filamu za rangi, maabara nyingi duniani zilirekebisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Rangi ikipatana na ngozi ya yule mwanamke, basi kazi imekwisha. Kamera za leo zimewaacha mbali sana watu wale, lakini mimi bado sikubali mashine iamue uso wa mama utoke vipi.

Ukija huku nitakupeleka Kamanga, upande unaotazama Jiwe la Bismarck, lile jabali lililo majini. Kwenye mawe ya pwani hii hutua ndege aina mbili: mnandi, weusi, na yangeyange, weupe pee. Chukua saa nne asubuhi, jua limeshapanda juu ya vilima na anga ni safi. Ukiwa kwenye oto, mvute mnandi kwa lenzi mpaka ajae kwenye picha: kamera inaona weusi, inaongeza mwanga, na ndege wako anatoka wa kijivu, huku kinyesi cheupe kilichokauka juu ya jiwe kimeungua kwa mwanga, hakina hata alama. Sasa sogeza lenzi kidogo tu kwa yangeyange aliye pembeni yake. Kamera inaona weupe, inapunguza, na yeye naye anatoka wa kijivu. Ndege wawili wamekaa jiwe moja, jua moja, na kamera imetoa majibu mawili, yote si ya kweli.

Kwenye M unaweka namba tatu: tundu la lenzi linalopitisha mwanga f/8, shata (muda ambao pazia la kamera linafunguka) 1/400 ya sekunde, na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 100. Mnandi anatoka mweusi, yangeyange mweupe, na akipita mvuvi mwenye fulana nyekundu naye anatoka kama alivyo, bila kugusa kitu. (Manyoya meupe sana huungua upesi. Ukiona yanawaka kwenye kioo cha kamera, nenda 1/500.) Jua linalowaangukia wote ni lile lile, namba zibadilike kwa nini? Hili ndilo ninalotaka ulishike, Mama Kulwa: weka namba kwa ajili ya mwanga unaoanguka mahali ulipo, si kwa ajili ya rangi ya kitu unachokipiga. Mengine yote utayapata njiani.

Namba zile sikuziota. Kuna kanuni ya zamani ya wapiga picha wa filamu: jua likiwa kali na vivuli vina ukingo mkali, weka tundu f/16, na shata iwe sekunde moja ukiigawa kwa namba ya ISO. ISO 100, basi shata 1/100. Kutoka f/16 kwenda f/11 umezidisha mwanga mara mbili, na hiyo ndiyo stopu moja. Kutoka f/11 kwenda f/8, stopu nyingine. Kwa kuwa nimefungua stopu mbili kwenye tundu, nazirudisha kwenye shata: 1/100 inakuwa 1/200, kisha 1/400. Mwanga unaoingia ni ule ule, ila sasa shata ni ya haraka na mkono wako hautatikisa picha. Namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Hilo huwachanganya wengi mwanzoni, lakini vidole vitazoea kabla ya kichwa.

Kwa kuanzia usiguse vitu vitatu kwa mpigo. Acha tundu kwenye f/8, ISO iache 100, uwe unazungusha shata tu. Wengi watakwambia ufungue tundu mpaka mwisho ili nyuma ya mtu pawe na ukungu. Hilo lisubiri. Kwanza, hiyo lenzi yako ya 18-55 ukiifungua mpaka f/3.5 halafu ukavuta, yenyewe inajifunga hadi f/5.6, na hesabu yako yote imevurugika. Kwenye f/8 haikusumbui. Na kitu kimoja ukiangalie leo hii: hakikisha ISO haiko kwenye oto. Kamera nyingi, hata ukiweka M, huendelea kupandisha na kushusha ISO kimyakimya, na utashangaa kwa nini unazungusha shata lakini picha haibadiliki.

Mawingu ya ziwa unayajua, hasa msimu wa mvua: sasa hivi jua, baada ya muda kidogo limefunikwa. Macho yetu yanazoea haraka mno, huwezi kuyategemea. Tazama kivuli chako mwenyewe chini. Kikiwa na ukingo mkali, namba za jua zinafaa. Ukingo ukilegea, ongeza stopu moja. Kivuli kikipotea kabisa, ongeza mbili, yaani 1/400 irudi 1/100. Mtu akiwa barazani au chini ya mwembe, jua halimfikii, ongeza tatu. Hapo ni heri kupandisha ISO iwe 400 kuliko kuishusha shata mpaka picha itikisike. Usiiogope ISO. Chenga kidogo (vile vidoadoa vinavyoletwa na ISO kubwa) ndani ya picha kali ni afadhali kuliko picha laini iliyotikisika.

Jua likikaribia kuzama kanuni ya f/16 haifanyi kazi tena, mwanga unashuka kila dakika, na kwetu huku karibu na ikweta giza haliingii polepole. Kwa hiyo picha ya mama unairudia hivi. Msogelee mpaka uso wake ujaze fremu yote. Zungusha shata huku ukitazama ule mshale wa mita ndani ya kitundu cha kutazamia. Mama ni maji ya kunde, kwa hiyo mshale ukae kwenye sifuri au chini yake kidogo; angekuwa mweusi zaidi ungeuacha kwenye kutoa moja. Halafu rudi nyuma ulipokuwa, panga picha yako, na usiguse tena namba. Mshale utakimbilia upande wa kujumlisha kwa sababu sasa unaona maji. Uache ukimbie. Maji yatakuwa meupe, pengine yatapoteza mawimbi yake, na hapo ni wewe unayechagua kati ya ziwa na mama. Ukivitaka vyote viwili, mwambie Kulwa au Doto ashike shuka jeupe mbele ya bibi yake, chini kidogo ya fremu, jua lipige shuka na kumrudia usoni. Inasaidia kuliko unavyodhani.

Dagaa walioanikwa mwaloni, pale ufukweni wanapotua wavuvi, ni mazoezi mazuri sana, na huko kwenu hamkosi. Jua likiwa kali wanang'aa kama fedha, na oto huwatoa kama jivu. Weka namba za jua, piga, kisha fungua histogramu, ule mchoro wa milima unaoonyesha giza la picha kushoto na weupe kulia. Milima ikibanana ukutani upande wa kulia, ujue magamba yameungua, na weupe ulioungua haurudishwi na programu yoyote. Giza angalau huweza kuinuliwa. Punguza stopu moja, piga tena.

Taa za wavuvi wa dagaa usiku tuzingoje mwezi upotee, maana mbalamwezi ikiwa kubwa wengi hawatoki. Kwa hilo utahitaji stendi, na shata isizidi sekunde moja, kwa kuwa mitumbwi haitulii majini.

Ukipiga, usinitumie kama picha ya kawaida ya WhatsApp. Inaibana na kufuta namba zote za tundu, shata na ISO. Tuma kama faili ili nione ulichoweka, tuongee kwa namba. Na chaji betri zote mbili kabla hujapanda meli.

Nisalimie mama, Baba Kulwa na mapacha.

Wako,
Mama Tabu