Mwalimu Salumu, pampu isubiri kwanza

Nkuhungu, Dodoma

Ndugu yangu Mwalimu Salumu,

Mbukwenyi nyote hapo Manyoni. Shemeji na watoto nisalimie sana, na umwambie shemeji kwamba ile asali ilifika salama, ila haikukaa. Huku sisi wazima. Upepo unatupiga vumbi kutwa kucha, lakini Dodoma hiyo hata si habari.

Nimepata ujumbe wako kuhusu gari. Nimeona niandike kuliko kupiga simu, maana kwa simu ningekuchanganya na salio lingekatika katikati. Unasema likifika mwendo fulani linasita, ukilikazia mguu linashtuka halafu linakwenda, na fundi wako kaamua ni pampu ya mafuta. Nakuomba pampu usinunue kwanza. Langu liliugua hivyo hivyo, likabadilishiwa pampu, likaendelea kusita na pampu yake mpya.

Nikuulize jambo moja: linaposita, mshale wa mizunguko unasoma ngapi? Siulizi spidi, nauliza mizunguko ya injini. Langu lilikuwa linasita kwenye mizunguko 2,400 hivi kwa dakika. Gia ya pili 2,400, ya tatu 2,400, ya nne 2,400. Tambarare ya Bahi au ule mlima wa kupandia kuja kwenu, ni pale pale. Likishavuka 2,800 linavuta mpaka unasahau kama lina tatizo. Sasa hapo ndipo pa kuitoa pampu lawamani. Pampu iliyochoka, au filta iliyoziba, huinyima injini mafuta pale inapoyataka mengi: mlimani, ukiwa na mzigo, mguu ukiwa chini, mizunguko ikiwa juu. Haichagui namba moja ikasumbua hapo, kisha ikapona kwenye namba kubwa zaidi. Ugonjwa unaoshika namba moja katika kila gia, huenda ni wa mtetemo.

Chanzo chake kwangu kilikuwa hiki. Nilikuwa natoka Kwa Mtoro, jiwe likapasua paipu ya mafuta chini ya gari. Fundi niliyempata njiani (simtaji, na bila yeye ningelala porini) hakuwa na paipu ya gari. Alikuwa na bomba la shaba la friji. Akaunga kuanzia pale palipopasuka mpaka mbele kwenye injini, akalikunja pete moja ili injini ikitikisika lisikatike. Kale kampira kafupi kalikokuwa kanaunganisha paipu ya bodi na injini akakatoa. Klipu zenye mpira zilishaharibika, kwa hiyo akafunga kwa waya. Na kwa kuwa ile dampa ya mafuta (kidude cha kutuliza mapigo ya presha), pale petroli inapoingilia kwenye reli ya nozeli zinazopulizia mafuta kwenye injini, ilikuwa inavuja, akaitoa pia akaweka bolti kavu. Gari likawaka, tukashukuru Mungu, tukaondoka. Kwenye mashimo ya njia ile nani atasikia gari linasita? Nilianza kulisikia tulipokamata lami pale Chemba.

Yaliyofuata napita haraka, ni habari za pesa tu. Plagi, filta, nozeli kuoshwa, pampu. Mashine ya kusoma gari nayo ikasema hakuna kosa.

Aliyeujua ugonjwa ni mzee mmoja wa gereji huku Kizota. Hakufungua kitu. Aliuliza, "Kabla halijaanza hivi, paipu ya mafuta ilishikwa na nani?" Nilipomweleza habari ya shaba akaguna, akafunga geji kwenye njia ya mafuta. Presha ilikuwa nzuri, bar 3 na ushee. Akaniambia nipandishe mizunguko taratibu. Tulipofika 2,400 mshale wa geji ukaanza kutetemeka hata namba hazisomeki. Tulipopita hapo ukatulia tena. Akanirudisha kwenye ile 2,400, akanipokea pedeli, akaniambia nikashike lile bomba. Mwalimu, lilikuwa linanguruma kiganjani, na zile waya zilizofungwa chini zilikuwa zinaupeleka mngurumo wote kwenye sakafu.

Sasa maelezo yake, na hapa wewe mtu wa hesabu utafurahi. Nozeli haimwagi mafuta mfululizo, inafungua na kufunga. Kila inapofunga, petroli iliyokuwa mbioni inagota, na lile pigo linarudi nyuma kwenye paipu kuelekea tanki, kisha linakuja tena mbele. Ni kama ukifunga koki ghafla nyumbani bomba likagonga ukutani. Injini ya silinda nne ambayo nozeli zake hufunguka moja moja hutoa mapigo mawili kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 2,400 ni mapigo 80 kwa sekunde, yaani pigo moja kila milisekunde 12.5. Pigo lenyewe, ndani ya petroli iliyo kwenye bomba gumu, hukimbia karibu mita 1,200 kwa sekunde. Kwenye gari langu kutoka tanki hadi injini ni kama mita tatu na nusu, na mtetemo wa bomba la namna hiyo hukamilika pigo likishavuka urefu wake mara nne. Mita 14. Piga mwenyewe: milisekunde 12 hivi. Kwa hiyo kila pigo jipya lilikuwa linazaliwa wakati lile la zamani limerudi na kulipokea, yanaongezana badala ya kufa. Mizunguko ikipanda zaidi yanapishana, gari linapona.

Na kwa nini injini isite wakati presha kwa wastani iko sawa? Kwa sababu kompyuta ya gari haipimi mafuta, inapima muda. Inafungua nozeli kwa milisekunde chache ikiamini kwamba presha ni ile ile iliyofundishwa. Presha ikiwa imeshuka asilimia 20 wakati nozeli iko wazi, mafuta yanapungua kama asilimia 10, maana mtiririko unafuata kipeuo cha pili cha presha. Silinda moja inaangukia kwenye bonde la pigo inapata kidogo, nyingine inaangukia kwenye kilele inapata kingi. Sensa iliyoko kwenye ekzosi inanusa moshi wa silinda zote kwa pamoja na kuona wastani mzuri. Ndiyo sababu mashine ilisema gari halina kosa, na mimi nimekaa ndani yake linanitikisa.

Matengenezo yenyewe hayakuwa makubwa. Shaba yote ikatoka, ikaingia paipu ya chuma ya saizi yake, klipu zikarudishwa na mpira wake, na mbele akaweka mpira wa mafuta wa presha kubwa. Tukaenda kujaribu barabara ya Singida. Likasita! Lakini lilisita kwenye 1,800, na kidogo tu. Mimi nikakata tamaa, mzee akacheka. Kama kosa lingekuwa la plagi au pampu, alisema, mpira ungewezaje kuhamisha namba? Mpira unatanuka, kwa hiyo pigo linatembea polepole zaidi na mtetemo unashuka kwenye mizunguko ya chini. Ilibaki dampa.

Tuliipata ya mtumba kwenye injini iliyokuwa inachinjwa. Ni kidude cha duara, ndani kina kiwambo na springi, kazi yake ni kulipokea pigo na kulilaza. Nyingine, kama hii yangu, zina skrubu ndogo katikati ya kichwa. Weka kidole hapo, mtu afungue swichi bila kuwasha. Presha ikijaa utasikia skrubu inapanda kidogo. Usiiguse kwa bisibisi hata siku moja. Ukiona inalowa petroli pale juu, kiwambo kimetoboka na dampa haifai. Ilipofungwa hiyo, kusita kukaisha. Mshale wa geji ukasimama kimya kuanzia chini mpaka juu.

Ukitaka kuchungulia la kwako, usifungue njia ya mafuta ikiwa na presha. Toa fyuzi ya pampu, washa injini mpaka ijizime yenyewe, kisha fungua waya wa hasi wa betri na uache kila kitu kipoe. Na yule shemeji yako wa sigara akakae upande wa pili wa kiwanja. Mpira usikubali wa rejeta, wala ule wa magari ya kabureta hata wakikwambia saizi ni ile ile. Uwe ulioandikwa kwa ajili ya injini za nozeli, na klipu zake ziwe zile zinazobana mduara mzima bila kuukata mpira.

Kama utakuta shaba, usiendelee kuliendesha. Shaba ikitetemeshwa muda mrefu inakakamaa, halafu inapasuka. Kwenye ile pete ya bomba langu mzee alinionyesha ufa, upande wa ndani wa kona, umezungukwa na ukijani. Ulikuwa umeelekea ekzosi.

Kwa hiyo kesho asubuhi chukua karatasi, nenda hadi Kilimatinde na kurudi, uandike namba ya mshale kila linaposita na gia uliyokuwa nayo. Namba zikibadilika-badilika na likizidiwa mlimani, fundi wako ana haki, nunua pampu, nami nitanyamaza. Zikiwa zile zile, inama chini ya gari utazame paipu, kisha mbele kwenye reli uone kama pana dampa au bolti kavu. Nipigie picha unitumie. Yule mzee anazo dampa mbili tatu kwenye kopo lake, nikijua umbo la yako namwahi kabla hajaziuza, na inaweza kuja na basi la mchana.

Ndugu yako,
Yona