Kabla hujachukua fomu ya ubunge: barua kwa binti yangu mkaguzi

Tabora

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wote wazima, baba yako anakusalimu. Ujumbe wako kwamba unataka kugombea ubunge nimeusoma, na ile habari uliyonitumia ya Corey O'Connor, mdhibiti wa hesabu aliyeupata umeya wa Pittsburgh, Marekani, nimeisoma pia. Nakuandikia barua kwa sababu jambo lenyewe ni refu kuliko simu.

Huyo Mmarekani umemfanya kipimo, mama, na kipimo hicho hakikufai. Kule Pennsylvania mdhibiti wa hesabu wa kaunti huchaguliwa na wananchi kwa muhula wa miaka minne. Ofisi yake ni ya siasa tangu mlangoni, kwa hiyo kugombea cheo kikubwa zaidi akiwa bado ameikalia si ajabu. Tena tazama mpangilio: O'Connor aliingia udiwani wa jiji mwaka 2012, akakaa humo miaka kumi, ndipo gavana akamteua kuwa mdhibiti wa Kaunti ya Allegheny mwaka 2022 kuziba nafasi iliyoachwa wazi. Akachaguliwa 2023, na Mei 2025 akamwangusha meya aliyekuwa madarakani kwenye kura za maoni za chama cha Democratic. Novemba umeya ukawa wake. Kura alizijua kabla ya vitabu vya hesabu. Na marehemu baba yake alikuwa meya wa jiji hilohilo mwaka 2006. Baba yako ni fundi cherehani: anakupenda sana, ila hana wajumbe wa chama wa kukupigia kura. Linganisha na Michael Lamb, aliyekaa mdhibiti wa hesabu wa jiji hilo tangu 2008. Mwaka 2023 aliutaka ukuu wa kaunti, akaishia kwenye kura za maoni. Miaka yote ile ya ripoti haikumvusha.

Wewe ni mtumishi wa umma. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inaitaka kila halmashauri iwe na mkaguzi wake wa ndani, na ndiyo nafasi yako hapo Kaliua. Ripoti yako ya robo mwaka inakwenda kwa Mkurugenzi na kwa Kamati ya Ukaguzi, nakala kwa Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali. Gari la kwenda vijijini unaliomba kwa unayemkagua, na masurufu ya safari anaidhinisha yeye. Mtu aliye kwenye nafasi hiyo ana kinga moja tu, nayo ni kwamba hakuna anayeweza kuonyesha anachokitafuta zaidi ya hesabu.

Kinga hiyo inakuishia siku utakapomnong'oneza mtu mmoja hapo Kaliua kuwa unautaka ubunge. Hoja ya ukaguzi uliyomwandikia mtendaji wa kijiji itasemwa umemwandikia kwa sababu ni mtu wa diwani fulani. Hoja uliyoifunga kwa haki, baada ya kuona vielelezo, itasemwa umeifunga kununua wajumbe. Kibaya zaidi ni kwamba wale wanaostahili kuhojiwa kweli watapata pa kujifichia: "Huyo anatafuta jimbo." Kesi ya fedha iliyoandaliwa vizuri inaweza kufa kwa maneno hayo matatu, maana kamati itaanza kumjadili mkaguzi na kuiacha vocha. Kwa hiyo ukiamua, ondoka kwanza kisha useme. Usiseme kwanza ukabaki na mafaili.

Sasa nije kwenye kile unachokijua na ambacho kinaweza kukupa jina kwa haki, yaani ushuru wa mazao. Huko kwenu ni tumbaku. Mwaka 2017 kiwango cha mazao ya biashara kilishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na mlipaji ni mnunuzi, si mkulima. Kwa hiyo kazi ya ukaguzi haianzii kwenye stakabadhi za halmashauri. Inaanzia kwenye karatasi za soko za AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ambazo zina namba ya robota (mzigo wa tumbaku uliofungwa), daraja, kilo na bei. Jumlisha soko kwa soko. Chukua AMCOS iliyouza tumbaku ya shilingi bilioni 1. Kwa asilimia 3 ushuru ni milioni 30. Ukikuta mfumo wa mapato unasoma milioni 24, usikimbilie kuandika wizi. Angalia kwanza kama kampuni imelipa kwenye halmashauri lilipo ghala lake badala ya ile tumbaku ilikotoka. Angalia kilo zilizotumika: za siku ya soko, au za kupima tena ghalani. Halafu angalia siku ya kubadilisha fedha, kwa sababu bei ya tumbaku hutajwa kwa dola na tofauti ya siku chache inaweza kula sehemu ya ushuru bila mtu kuiba chochote. Baada ya hayo ndipo unauliza milioni 6 ziko wapi.

Kwa ushuru mdogo mdogo wa magulio na mazao ya chakula, shida iko kwenye POS, zile mashine za kukusanyia ushuru. Mashine iliyokaa siku tano bila kutuma taarifa, na gulio lilikuwepo, imekwisha kukupa hoja. Chapa orodha ya makusanyo ya kila mashine, uilaze kando ya taarifa ya benki, utafute siku ambazo fedha imekusanywa lakini haikuwekwa. Mara nyingi utaambiwa ilinunua mafuta ya gari la wagonjwa au ililipa mlinzi. Inaweza kuwa kweli kabisa, na bado ni matumizi ya fedha mbichi, kwa sababu haikupita benki wala haikuidhinishwa. Na kumbuka mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka wilaya moja kwenda nyingine hatozwi ushuru huo. Ukikuta geti limemtoza, hoja hiyo inakuwa ya mwananchi aliyeonewa, wala si ya mapato.

Nimekaa hapa kwa sababu hapa ndipo wakaguzi wengi wanaoingia siasa hujikwaa. Wanapanda jukwaani na lugha ya ripoti. "Halmashauri ilishindwa kusuluhisha makusanyo yenye thamani ya shilingi milioni 6." Nani atapiga makofi? Ifungue hesabu hiyohiyo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani yasiyolindwa ni ya mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Katika hizo milioni 6, laki 6 zilikuwa za vikundi, yaani shilingi 240,000 za akina mama, vijana kiasi hichohicho, na 120,000 za wenye ulemavu. Mama aliyeomba mkopo wa mashine ya kukamua alizeti akajibiwa fungu limekwisha atakuelewa kabla hujamaliza kusema.

Usidanganyike na neno hati, yaani hati ya ukaguzi. Wagombea wengi watasimama na kujisifu kwamba halmashauri ilipata hati inayoridhisha. Hati hiyo inasema taarifa za fedha zimeandaliwa sawasawa katika mambo makubwa. Haisemi kwamba hakuna aliyeiba saruji. Darasa lililojengwa kwa milioni 20 linaweza kuwa na vocha safi, ankara, risiti ya EFD (mashine ya kodi) na muhtasari wa kamati ya mapokezi, na bado leja ya stoo ikaonyesha mifuko ya saruji iliyotoka siku ambayo fundi hakuwepo. Lieleze hilo kwa upole, bila kumtaja mtu, maana hoja ya ukaguzi si hukumu ya mahakama. Aliyetajwa jukwaani kuwa mwizi kwa sababu ya hoja ambayo baadaye ilifungwa anaweza kukushtaki, na anaweza kushinda.

Lipo na la siri za kazi. Karatasi zako za ukaguzi, majibu ya wakuu wa idara, rasimu ambazo hazijapita kwenye kamati, vyote ni mali ya ofisi. Hata picha kwenye simu usitoke nayo. Cha kutumia ni kilichokwisha kuwa hadharani. Halmashauri hupeleka hesabu zake kwa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kabla ya Septemba kwisha. CAG humkabidhi Rais ripoti ifikapo 31 Machi, kisha inawekwa mezani bungeni. Kuanzia hapo ni ya kila mtu, Kaliua yenu ikiwemo. Yasome hayo, unukuu ukurasa. Ukionekana unajua jambo ambalo halimo humo, watu watajua limetoka kwenye kabati la nani.

Umenitajia Zitto Kabwe wa jirani zetu Kigoma kama mtu aliyepandishwa na hesabu. Ni kweli hesabu zilimpa jina nchi nzima, lakini njia yake ilikuwa kinyume na yako. Aliingia bungeni 2005 kama mwanasiasa, mwaka 2007 akaibua suala la mkataba wa mgodi wa Buzwagi, na ukaguzi akaufanyia ndani ya Bunge akiwa mwenyekiti wa kamati za hesabu, hadi ile taarifa ya fedha za akaunti ya Tegeta Escrow ya Novemba 2014. Hakuwahi kumkagua mtu akiwa amelipwa mshahara na huyo mtu. Na sifa yote hiyo haikuzuia 2020 asirudi bungeni.

Upande wa chama sina mengi. Mgombea binafsi haruhusiwi, kwa hiyo lazima uwe mwanachama, na mtumishi wa umma hatakiwi kuonekana kwenye shughuli za chama kazini. Waraka wa utumishi unaotoka kuelekea uchaguzi husika ndio wa kufuata, si ule mliosimuliwa na waliogombea zamani. Uombe kwa maandishi kwa Afisa Utumishi, na ruhusa yako nayo iwe ya maandishi. Kura za maoni ni shule nyingine kabisa. Wanaosema wajumbe si watu hawatanii, na mtu aliyezoea kudai risiti atapata tabu pale atakapoulizwa "nauli" ya kikao. Usitoe. Ni rushwa, na kwako itakuwa habari ya gazeti.

Ukipita, fomu ya uteuzi ijaze kama unavyokagua vocha. Jina liwe lilelile lililo kwenye daftari la wapiga kura, herufi kwa herufi. Wadhamini wasipungue 25 na wote wawe wamejiandikisha jimboni. Kusanya hata 40, maana kadi nyingine zitakutwa za jimbo jingine. Tamko la mbele ya hakimu ulimalize mapema. Mwisho wa kurudisha ni saa kumi jioni, na wapo waliokatwa huku wamesimama kwenye ngazi za ofisi.

Kuna swali hukuniuliza, nami naliona zito. Mbunge wa jimbo ndiye mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, kwa sheria ya 2009. Wewe uliyekuwa ukihoji utakuwa unapanga mabati yaende kata ipi, na kijana aliyekaa kwenye kiti chako cha zamani atakuja kuyahesabu. Papo hapo wewe ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, unakaa kwenye kikao maalumu cha kujadili hoja za CAG pamoja na waliokuchangia kampeni. Fikiria hilo kabla ya fomu. Kama lengo lako ni kuzibana halmashauri, pengine kusogea ukaingia Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, ukiwa na CPA yako ya uhasibu, kutakufikisha mbali zaidi kuliko kiti kimoja kati ya mamia, tena ambacho Spika anaweza asikupangie kwenye kamati ya hesabu za serikali za mitaa. Kura yangu iko huko, sikufichi. Lakini wewe ni mtu mzima.

Ukishikilia ubunge, basi kuna ya nyumbani ya kumaliza. Ule mkopo wa benki unakatwa kwenye mshahara. Mshahara ukisimama makato yanasimama, riba haisimami. Nenda benki kabla ya kuandika barua yoyote, uulize deni lililobaki na namna ya kulipa bila mshahara. Chukua taarifa ya michango yako PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, uhakiki kila mwezi mwajiri aliwasilisha. Ofisi uikabidhi kwa orodha: mafaili, hoja zilizo wazi na zilipofikia, funguo za kabati, na nywila za mifumo zifungwe mbele yako. Msaini wote wawili kila ukurasa, na nakala moja ije hapa nyumbani.

Shemeji yako atapita Kaliua wiki ijayo na mchele kidogo. Mpe majibu ya benki aniletee.

Mama yako